Shangazi Anajibu: Je, Nimeharibu Usaili?

Shikamoo Shangazi. Niliitwa usaili Dodoma. Mwenyekiti wa jopo akasema, "Jieleze kwa ufupi." Nikaanza na kuzaliwa Sumbawanga, mtoto wa tatu kati ya saba. Nilipofika darasa la nne wakanishukuru. Nimeharibu?
– Mtoto wa Tatu, Mbagala

Marahaba. Umeharibu, ila hakuna aliyekukata alama kwa kuzaliwa Sumbawanga. Ulichopoteza ni dakika. Jopo lina maswali yake na karatasi ya alama, na nje kuna benchi zima la wenzako wamekumbatia bahasha za kaki. Siku nyingine taja elimu yako, kazi uliyowahi kufanya na kwa nini unaitaka hii, kisha nyamaza. Wakitaka habari za ndugu zako sita, watauliza.

Shangazi, viatu vyangu vilijaa vumbi, na mkono niliompa mwenyekiti ulikuwa umelowa jasho. Tangu siku hiyo silali.
– Kiganja Maji, Tabata

Lala, mwanangu. Vumbi la Dodoma halichagui. Lilikuwa kwenye viatu vya jopo pia. Jasho nalo si kosa, wasaili wenyewe waliwahi kusailiwa. Vaa nguo safi ya heshima, inatosha. Tai haijibu maswali.

Shangazi, waliniuliza udhaifu wangu. Nikasema, "Huwa nafanya kazi kupita kiasi." Wakatazamana, mmoja akakohoa.
– Mchapakazi, Kibaha

Alikuwa anameza kicheko. Jibu hilo wamelisikia tangu asubuhi. Kwa majibu yenu, nchi hii haina mvivu hata mmoja, isipokuwa waliokwisha kuajiriwa. Taja udhaifu wa kweli na unavyoushughulikia: "Nilikuwa naogopa kusema mbele za watu, siku hizi naongoza vikao vya kikundi chetu cha kuweka na kukopa." Ila kama unaomba uhasibu, usiseme hesabu zinakupiga chenga.

Shangazi, mimi sikufika hata mbele ya jopo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne Mwanahidi. Nikarudishwa kwenye uhakiki. Na Kiingereza nilikifanyia mazoezi mpaka mbele ya kioo!
– Majina Mawili, Kahama

Pole sana. Hapa sina utani. Mnakosa usingizi kwa ajili ya viatu, kumbe herufi moja ndiyo inayowarudisha nyumbani. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya kuitwa kwenye usaili husema wazi: njoo na kitambulisho na vyeti halisi, karatasi ya matokeo haikubaliwi, majina yakitofautiana, njoo na hati ya kisheria inayothibitisha kuwa ni wewe. Nauli, chakula na malazi unajigharamia. Kwa hiyo muone wakili kwanza, ndipo ukate tiketi ya basi.

Shangazi, sikukosea popote na bado sijaitwa kazini.
– Malaika, Morogoro

Inawezekana kabisa. Kufaulu ni jambo moja, nafasi ni jambo lingine. Nafasi zikiwa nne na waliofaulu kumi, sita majina yao hubaki kwenye kanzidata ya Sekretarieti yakisubiri nafasi. Usibadilishe namba ya simu. Na wakati unasubiri endelea kutuma maombi kwingine, maana kanzidata hailipi kodi ya nyumba.