Stadi za Hedi na Chumvi ya Amu

Stadi ya hedi ni kipande cha chuma chenye hesi ncha zote mbili. Ncha moja huzama kwenye bloku ya injini. Nyingine hupenya hedi ya silinda, ikatokeza juu na kukazwa kwa nati. Kazi yake ni kuizuia hedi isinyanyuke moto unapowaka chini yake. Katika dizeli yenye tabo, mgandamizo ndani ya silinda hufika baa 150 na kuzidi. Silinda yenye upana wa sentimita 9.2 basi huisukuma hedi kwa nguvu ya tani 10 hivi. Punda wa Amu (Lamu) akikadiriwa kilo 150, hao ni punda zaidi ya 65 wanaosukuma kifuniko kimoja, na injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika wanasukuma mara 25 kila sekunde. Punda wa kweli wangegoma mapema.

Amu haina barabara ya kufanyia mbio. Vichochoro vya mji wa kale, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye shogi za mchanga wakikutana, mmoja hana budi kurudi kinyumenyume. Kijana mwenye Subaru ya tabo huiacha bara, huko Mokowe, akavuka maji na kwenda kulala kwao, akisimulia kasi ambayo jirani hajapata kuiona. Kwa hiyo visiwani stadi hujulikana zaidi kupitia mashine za boti: dizeli za mashua ziendazo Siyu, Faza na Kiunga, na mashine za nyuma za boti za kasi zinazovusha abiria.

Injini nyingi hutoka kiwandani na bolti, si stadi. Bolti hukazwa kwa kuzungushwa yenyewe, hivyo husokotwa na kuvutwa kwa wakati mmoja. Stadi hutulia kwenye bloku, imetiwa kwa nguvu ya vidole tu, na kinachozunguka ni nati. Chuma kinavutwa kwa kunyooka, na ndiyo maana wapenda kasi huipendelea. Maana siri ya stadi ni kurefuka. Ikikazwa inavutika kidogo mno, kisha inataka kurudi kama springi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakoibana hedi. Baharia aliyewahi kukaza henza hadi foromali ikatulia anaijua habari hii tangu utotoni, ila hakuna aliyemwambia kwamba chuma nacho kina tabia za kamba.

Shida ni kwamba kurefuka hakuonekani kwa macho. Kinachopimwa ni nguvu ya mkono, kwa toki renchi, na takriban asilimia 90 ya nguvu hiyo huliwa na msuguano wa hesi na wa chini ya nati. Mafuta kwenye hesi hubadilisha hesabu yote. Stadi kavu na stadi iliyopakwa mafuta, zikikazwa kwa kipimo kile kile, hazibani sawa hata kidogo. Fundi asiye na toki renchi huchomeka bomba la maji kwenye mkono wa spana, akaning'inia, na kusikiliza. Spana ikilia "kwii", bado. Fundi akilia "aah", imetosha. Ikisikika "tak", kipimo kimepita, na nahodha aliyekuwa akimsifu fundi kwa mikono ya chuma huanza kuuliza bei ya tanga jipya.

Chumvi huongeza mkosi. Mashine za nyuma zina bloku ya aluminiamu na bolti za chuma, na metali hizo mbili zikilowa maji ya bahari hulana polepole hadi zikashikana kama ndugu wa tumbo moja. Bolti iliyoganda hivyo haifunguki: hukatika usawa wa bloku. Dawa nzuri ni kuchomelea nati juu ya kisiki kilichobaki, joto likailegeza hesi, kisha kukizungusha taratibu. Dawa hiyo haifai ndani ya boti ya mbao yenye madumu ya petroli, hasa ikiwa imekwama katikati ya Mkanda, ule mlango baina ya Manda na bara unaopitika maji yakijaa tu. Hapo fundi ana saa chache kabla boti haijakalia tope katikati ya mikoko. Soketi moja ikimponyoka, huenda majini bila kuaga.

Wapo wanaodhani jawabu ni chuma kikali zaidi. Bolti yenye alama 10.9 kichwani huhimili megapaskali zipatazo 1,000 kabla haijakatika, na ya 12.9 hufika 1,200. ARP, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1968, huuza stadi za mbio za aina ya 8740 zenye 1,300 hivi, na za L19 zinazokaribia 1,800. Hiyo L19 ni bingwa mwenye deko la bibi harusi: unyevu huipasua kimyakimya, na hushauriwa isishikwe kwa mikono mitupu kwa sababu ya jasho. Kuipeleka Amu wakati wa kaskazi, ambapo hata kitasa cha mlango kinatoka jasho, ni kuitafutia talaka.

Penye stadi nzuri, ufungaji wenyewe una adabu zake. Mashimo husafishwa na kukaushwa kwanza, kwani maji yakibaki chini ya shimo lililozibika hayana pa kwenda, na bloku hupasuka. Nati huanzwa katikati ya hedi kuelekea pembeni, kwa awamu tatu, wala si kwa kufuata zile zinazofikika bila kuinama. Kabla ya kurudishwa kazini, stadi ya zamani hupimwa urefu. Iliyorefuka kupita kiasi haitarudi tena kuwa springi. Uzito wake lakini haujapungua. Ikifungwa kwenye mshipi huwa chubwi safi, na changu wa Manda haulizi imekazwa kwa kipimo gani.