Barua ya Wazi kwa Ofisi ya TEHAMA: Msajilini Kaka wa Steshenari

Hosteli ya Wasichana,
Chuoni kwetu,
Masasi.

Mkuu wa Ofisi ya TEHAMA,
Mlango wenye karatasi,
Chuoni hapahapa.

YAH: OMBI LA KUMSAJILI MWENYE STESHENARI KUWA MWANACHUO KWA NIABA YETU

Shikamoo Mkuu. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote tunakupa pole na kazi. Tunajua una majukumu mazito, maana kila tukija mlango umefungwa, na mtu asiye na majukumu hawezi kukosekana kwa bidii namna hiyo. Tunakushukuru pia kwa karatasi uliyotubandikia: "Mfumo una changamoto, tunaifanyia kazi." Imeshikiliwa na plasta ya kidonda kwenye kona tatu, ya nne imeachia, na jua limelamba wino mpaka neno "kazi" halisomeki. Kuna mwenzetu, Mungu amsamehe, ameandika chini yake kwa kalamu ya bluu: "Tangu lini?" Hatumjui. Na hata tungemjua, usingempata kwenye mfumo.

Sisi wa mwaka wa kwanza tunaokaa hosteli hatuna shida nyingi. Maji tumeyazoea yasipokuwepo, soketi moja chumba kizima tumeikubali, na mtandao ukipotea tunajua jabali la kupanda. Shida yetu ni moja tu: mfumo wako hautujui sisi. Unamjua mtu mwingine.

Mtu huyo ni kaka wa steshenari, Newala. Ana kibanda kimoja, mashine moja ya fotokopi inayotoa kurasa zenye mstari mweusi pembeni, na kompyuta ambayo kibodi yake imefutika herufi zote, lakini vidole vyake vinajua A iko wapi. Maombi ya vyuo yalipofunguliwa, wengi tuliotoka Mkunya, Kitangali na vijiji vya jirani tulipita kwake. Akauliza, "Una imeili?" Hatuna. "Basi naweka yangu." "Namba ya simu?" Simu ya nyumbani ni kitochi cha mama, kinachopokea mtandao kikiwekwa juu ya dirisha la jikoni. "Basi naweka yangu." Akajaza, akaskani vyeti, akatuma, akachukua hela yake, akatutakia masomo mema. Hakuna kosa alilofanya. Bila yeye tusingekuwa hapa.

Sasa, kila mmoja wetu akitaka kujisajili, kuchagua masomo au kuchukua namba ya kumbukumbu ya malipo ili alipe ada, mfumo wako kwa uangalifu mkubwa unatuma tarakimu sita za uthibitisho. Unazituma Newala. Zinaishi dakika tano, kisha zinakufa.

Hebu fikiria mchana wetu, Mkuu. Tumesimama kwenye varanda yako, kila mtu na simu sikioni, wote tunampigia mtu mmoja. Akipatikana, anapiga kelele kushinda jenereta: "Wewe ni yupi? Wa Mkunya au wa Kitangali? Zimeingia namba nyingi hapa, sijui ipi ya nani. We jaribu zote!" Tunajaribu zote. Akaunti inajifunga kwa usalama wetu. Na Oktoba ndiyo balaa zaidi, maana chuo kinafunguliwa wakati korosho zinaanguka. Kaka naye ana mikorosho yake, na akiwa shambani simu inabaki kibandani ikipokea siri zetu peke yake.

Tuliuliza jinsi ya kubadilisha namba ya simu. Tukajibiwa: ingia kwenye mfumo, ubadilishe. Tukasema hatuwezi kuingia. Tukajibiwa: ukishindwa kuingia, ingia kwenye mfumo, bofya "Msaada", ueleze kwamba umeshindwa kuingia. Tulirudi hosteli tukalitafakari jibu hilo kwa unyenyekevu mpaka taa zikazimwa.

Kwa hiyo, Mkuu, tukiwa na akili timamu, tunaomba rasmi umsajili yeye.

Tumelifikiria jambo hili kwa kina ili lisikupe usumbufu. Namba ya usajili asipewe moja, apewe zetu zote, kwa kuwa mfumo umeshamtambua hivyo. Kitanda tutampa cha chini, kwenye dabodeka iliyo karibu na soketi, maana simu yake haipaswi kuzimika hata dakika moja. Matroni asiwe na hofu ya mwanaume kulala hosteli ya wasichana: dabodeka hiyo tutaihamishia stoo ya mifagio, ambayo ina soketi yake na, kwa maajabu ya Mungu, ndicho chumba pekee chenye mtandao wa uhakika. Godoro tutachanga. Chandarua anacho.

Darasani akae mbele. Mwalimu akiita majina, aitikie yeye, "Nipo," jina baada ya jina, asichoke. Siku ya mtihani awekwe katikati ya ukumbi na kalamu za kutosha. Akifaulu tumefaulu, akikamatwa na karatasi soksini, tumefukuzwa sote, na kwa mara ya kwanza tutakuwa tumetendewa jambo kwa pamoja bila mfumo kukwama.

Na mahafali, Mkuu! Hapo ndipo tunapokuomba usimnyime kitu. Avae joho la urefu wake, si yale ya kuazima yanayoburuza vumbi. Mama zetu watashuka kutoka uwanda wa juu na vitenge vya sare, wamekodi gari moja, na ngoma ya sindimba itaanzia getini. Jina langu litakaposomwa, atasimama yeye. Mama yangu atatandika khanga chini apite juu yake, atampigia vigelegele, atamvisha taji la maua ya plastiki, atalia. Atakuwa na haki ya kulia, kwa sababu kwa mujibu wa kumbukumbu zako huyo ndiye mtoto aliyemleta chuoni.

Utauliza: kibanda chake kitabaki na nani? Tumeshakipangia. Tutakishika sisi, kwa zamu. Huko tutachapa barua za watu, tutaskani vyeti, tutafungua imeili, tutajaza fomu za ajira na za vitambulisho, tutajifunza A iko wapi kwenye kibodi isiyo na herufi. Kwa kifupi, yeye atapata cheti huku, na sisi tutapata kule ujuzi tulioufuata huku.

Maombi mengine ni madogo. Tunaomba benchi. Tunaomba saa za kazi ziandikwe mlangoni, hata kama ni za uongo. Tunaomba printa iliyokufa izikwe, matanga yaishe. Tunaomba kujua ufunguo wa chumba cha kompyuta uko kwa nani, tumpe pole.

Hicho chumba, Mkuu, tumechungulia dirishani. Kompyuta zimo. Zimefunikwa vitambaa vyeupe vya kufumwa kwa mkono, kila moja na chake, na kofuli mlangoni. Wanaojua historia wanatuambia kwamba kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974, baada ya hasara na vurugu za hesabu, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ilishaondoka zamani. Tunakupongeza kwa kuwa mtumishi wa mwisho anayeendelea kuitekeleza.

Wenzetu wa mwaka wa tatu wanasimulia pia kwamba Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikasuasua nchi nzima, ofisini kwako hakuna kilichobadilika. Karatasi ilikuwa hiyohiyo. Siku ile tu ndiyo ilikuwa ya kweli.

Sasa niruhusu niseme la moyoni, halafu nitarudi kwenye adabu.

Siku moja kijana mmoja wa ofisi yako alifungua kidirisha. Nilimweleza habari ya namba kwenda Newala. Akanitazama akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni: "Kwani hukufundishwa kompyuta sekondari?" Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa woga, wakijua zamu yao inafuata.

Nilifundishwa. Mwalimu wangu alichora kompyuta ubaoni kwa chaki, na kipanya na mkia wake, kwa sababu shule haikuwa na hata moja. Tukainakili kwenye daftari. Nilijua kila sehemu na kazi yake. Nilikuja chuoni nikidhani hatimaye nitakiona hicho kipanya nikishike, nikakuta kimevishwa kitambaa na kufungiwa, na aliyekifungia ananicheka kwamba sikijui.

Huo si mfumo kuwa na changamoto. Huo ni ukatili. Mmechukua kila kitu, usajili, ada, matokeo, mkakiweka nyuma ya mlango mmoja, mkampa ufunguo kijana wa kibandani asiyelipwa senti na chuo, kisha mkakaa ndani kutucheka kwa kuwa tuko nje.

Newala tumekulia kwenye foleni. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na bado tunajua kuamka alfajiri kupanga ndoo. Lakini pale bombani ndoo yako inakuwakilisha. Unaiacha kwenye mstari, unaenda shule, ukirudi unaikuta imesogezwa na watu wasiokujua. Hakuna aliyewahi kuiambia ndoo kwamba haijasajiliwa.

Na ada, Mkuu. Ada yangu ni korosho. Mama amezipulizia salfa tangu kiangazi kinaanza, ameokota, ameanika, amepeleka chama cha msingi, amesubiri mnada. Tangu msimu wa 2024 minada hiyo inafanyika kwa mfumo wa soko la bidhaa, TMX. Mnunuzi anaweka bei kwenye kompyuta bila kukanyaga ghala, na msimu huo kilo ilivuka shilingi 4,000. Korosho ya mama inatambulika kwenye mfumo, inauzwa, inapanda meli kwenda Vietnam na India. Binti yake hatambuliki kutoka Newala hadi Masasi. Hela ipo. Tunataka kukupa wewe hela, na umeshindwa kuipokea, na tarehe ikipita utatutoza faini ya kuchelewa.

Naam. Narudi kwenye adabu. Samahani Mkuu, ni joto.

Wapo wenzetu waliokuja na pendekezo la pili, na nalitaja tu ili kumbukumbu ziwe kamili. Walisema: wiki ya kwanza ya masomo, mtu mmoja akae na kompyuta moja chini ya mwembe. Mwanachuo aje na cheti cha kuzaliwa na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, ambayo iko tayari kwenye faili lake. Aangaliwe sura, namba ya simu ya Newala ifutwe, iwekwe yake, afunguliwe imeili yake, aonyeshwe mara moja jinsi ya kuingia na kutoka. Kisha vitambaa vivuliwe, na wa mwaka wa tatu wapangiwe zamu za jioni kuwasaidia wa mwaka wa kwanza.

Tuliwakemea palepale. Tuliwaambia hiyo ni anasa, na kwamba chuo kina mambo mengi. Tukarudi kwenye ombi letu la awali, ambalo ni la kiasi na linatekelezeka: kitanda kimoja, joho moja, stoo ya mifagio.

Tunaamini ombi letu litapokelewa. Tafadhali usitujibu kwa njia ya mfumo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanachuo wa mwaka wa kwanza
(kwa mujibu wa mama yake)

Nakala:
1. Matroni, kuhusu stoo ya mifagio.
2. Kijana wa dirishani: nimeshajua kipanya kilivyo, nimekiona kupitia kioo.
3. Kaka wa steshenari, Newala: ukiona ujumbe wenye tarakimu sita umeingia sasa hivi, ni wangu, wa Mkunya. Nipigie haraka, zimebaki dakika mbili.