Nyati, Simba na Faru Ndani ya Kipochi

Anayetaka kujifunza kushona huambiwa aanze na vitu vidogo: kipochi cha sarafu, kimfuko cha kamba cha kuwekea hereni, vitu vya kiganja tu. Aliyeutoa ushauri huo ama hajawahi kushona kipochi, ama alikishona akataka na wengine waone alichokiona yeye. Gauni lina huruma. Ukikosea kiuno unatia mkanda, ukikosea pindo unasema ndio mtindo wa siku hizi, na likizidi ubaya unalivaa nyumbani ukipika. Kipochi hakina kujificha. Kina upana wa sentimita kumi na mbili, na kila atakayekishika atakigeuza mbele na nyuma kama anakagua embe sokoni.

Fundi wa barazani mtaani kwetu, Temeke, analijua hilo siku nyingi. Nilipompelekea kazi ya vipochi, alinitazama juu ya miwani yake. “Mama, niletee suti, hata tatu. Hivyo vidude mtafutie mwenye nafasi.”

Mwenye nafasi nikawa mimi. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kinakaribia kuvunja kikoba cha mwaka, na kikaoni mtu akatoa wazo kwamba kila mwanachama aondoke na zawadi ya kipochi, ili apate pa kutia faida yake. Mwenyekiti akauliza nani ana cherehani. Ninayo. Ni ya kukanyaga, nimerithi kwa mama, na kwa muda mrefu ilikuwa inafanya kazi ya meza ya televisheni. Kuwa na cherehani na kujua kushona ni mambo mawili, lakini kikao hakikuuliza la pili, na mimi si mtu wa kujibu nisiloulizwa.

Cherehani ya kukanyaga ina hiari yake. Ukianza kukanyaga bila kulisukuma gurudumu kwa mkono, linajiamulia lenyewe liende mbele au lirudi nyuma, na siku zote linaona nyuma ndiko kwenye mambo mazuri. Uzi unakatika. Unautunga upya. Tundu la sindano ya cherehani liko karibu na ncha, si kwenye kisigino kama sindano ya mkono, na ni jambo mojawapo lililomo katika hataza aliyopewa Elias Howe huko Marekani mwaka 1846. Nampongeza. Angeliongezea upana kidogo tu ningempongeza zaidi, maana sasa hivi siwezi kushona mpaka watoto watoke shule waje wanitungie uzi.

Gurudumu likishakubali kwenda mbele, juu mshono unapendeza, unajisifu. Geuza chini: uzi umejisokota kama kiota cha shomoro. Nikailaumu bobini. Nikaitoa, nikaisafisha, nikaitia mafuta, nikanunua nyingine, na kiota kikazaliwa tena. Fundi alipopita kuomba maji ya kunywa, aliinama mara moja tu akaona kwamba uzi wa juu haukupita katikati ya vile visahani viwili vinavyoukaza. “Fujo ikiwa chini,” akasema, “mkosaji mtafute juu.” Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiona kanuni hiyo ikifanya kazi hata mahali pasipo na cherehani, lakini hayo tuyaache, leo tunashona.

Kimfuko cha kamba, kwa maelezo, ni kazi ya mtoto. Kata kipande kirefu cha kitambaa, kikunje katikati, shona ubavu huu na ubavu ule, juu piga pindo pana kiasi cha sentimita mbili na nusu, pitisha kamba, vuta. Maelezo hayasemi kwamba ubavu usishonwe mpaka juu kabisa. Pale penye pindo panaachwa wazi, la sivyo kamba haina mlango. Cha kwanza nilikishona hadi mwisho, kwa bidii, nikarudia na mshono wa pili kwa usalama. Kilikuwa kimfuko imara sana kisichofungika. Wala maelezo hayasemi kwamba kitambaa chenye picha zinazotazama upande mmoja, ukikikunja hivyo, upande wa nyuma picha zinapinduka. Kitenge changu kilikuwa cha kuku. Mbele kuku wanadonoa mtama, nyuma kuku wale wale wako chali, miguu juu, kama wamesikia habari za pilau ya harusi. Dawa yake ni kukata vipande viwili na kuviunganisha chini, mshono mmoja zaidi, na kuku wote wanasimama.

Halafu kuna pini. Aliyewahi kupitisha lastiki kwenye sketi ya shule usiku wa Jumapili hahitaji kusimuliwa. Unafunga kamba kwenye pini, unaiingiza pini mlangoni, unaanza kuisukuma ukiipapasa kwa nje: unakunja kitambaa, unakinyoosha, unakunja, unakinyoosha. Inakwenda vizuri. Inapita kona ya kwanza. Hatua chache kabla ya kutoka, mahali ambapo huwezi kuifikia kutoka huku wala kule, pini inafunguka. Sasa haiendi mbele kwa sababu ncha imechoma pindo, na hairudi nyuma kwa sababu kichwa kimenasa kwenye mshono. Unaisikia kwa vidole. Na yenyewe inavisikia vidole vyako. Mume wangu akapendekeza nifumue pindo. Nikamwambia aliyelipiga pindo hilo bado yuko hai na hataki kuliona likifumuliwa. Mtoto wetu wa darasa la sita ndiye aliyetuokoa: alichomoa mrija wa wino kwenye kalamu, akaufungia kamba kwa gundi ya karatasi, na kwenye kimfuko kilichofuata mrija ukapita kama treni. Kile chenye pini tulikitenga. Bado inaonekana ukikishika kwenye mwanga.

Vipochi vya zipu vina ukatili wa aina nyingine. Kwanza gamu, kile kitambaa kigumu kinachobandikwa kwa pasi ili kipochi kisilegee. Upande mmoja una gundi, mwingine hauna, na zote mbili zinafanana. Pasi yangu sasa inajua upande upi ni upi.

Pili, kichwa cha zipu. Zipu za kukatiwa kwa mita zinauzwa vichwa vyake mbali, na kukivisha kichwa kwenye meno ni kazi ya kunyamazisha nyumba nzima. Ukishakivisha, ukajisahau ukakivuta kuona kama kinateleza, kinateleza kweli: kinatokea upande wa pili na kuingia chini ya kabati. Kikishapatikana, unaambatanisha bitana na kitambaa cha nje, zipu katikati yao, unashona pande zote ukiwa umeufunga mdomo wa zipu vizuri ili kazi ikae sawa. Ndipo unapogundua kwamba kipochi kimeshonwa ndani nje, kigeuzwe, na njia pekee ya kukigeuzia ni hiyo zipu, ambayo kishikio chake kimebaki ndani. Kabla ya kushona mbavu, zipu lazima iachwe wazi angalau nusu. Hili ningeliandika kwenye ukuta wa kila nyumba yenye cherehani.

Na mshono wenyewe si wa mchezo, ukifikiria wageni watakaolala humo. Sarafu ya hamsini ina faru. Ya mia ina swala, ya mia mbili ina simba wawili, na ya mia tano, iliyoingia mwaka 2014, ina nyati. Watu wanakwenda Serengeti na kamera kubwa kuwatafuta wanyama hao, nami nataka niwafungie pamoja kwa uzi wa dukani na pindo la nusu sentimita. Cha majaribio nilikwenda nacho mjini kwa daladala. Konda alipofika nikakivuta kwa madaha, na kona moja ya chini ikaachia. Nyati wakaanguka kwanza, kwa uzito wao, simba wakafuata, na faru mmoja akabingirika mpaka kwa dereva. Abiria wote wakainama. “Mama, simba wako huyu hapa,” akaniambia kijana mmoja, na sijui hata leo kwa nini gari zima lilicheka. Tangu hapo kona zote napiga mshono wa kurudi, mbele na nyuma, kabla ya kukata uzi.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya mambo ya khanga. Vitenge vilipokwisha, nilitoa sandukuni doti moja ya zamani, rangi nzuri ya machungwa, kitambaa kimelainika. Jina lake: HASIDI HANA SABABU. Nilikata vipande kwa kufuata vipimo, nikiangalia maua, nikihesabu sentimita. Maneno sikuyaangalia, kwa sababu maneno hayashonwi. Siku ya kuvunja kikoba vipochi vikagawiwa kutoka kwenye beseni, kila mtu akitumbukiza mkono. Mweka hazina akatoka na HANA. Mwenzetu mmoja ambaye hajawahi kufika kikaoni kwa wakati, na kila anapotozwa faini ana maelezo marefu, akatoka na SABABU, na watu wakapiga makofi. Kisha wifi yangu akatoa cha kwake. Akakisoma. Akanitazama. HASIDI, kwa herufi kubwa, katikati kabisa, kama limepimwa kwa rula.

Msomaji aliyekulia uswahilini anajua kwamba khanga haisemi kwa bahati mbaya. Watu wameachana kwa jina la khanga iliyoanikwa tu kambani. Nami hapa nimemkatia mwenzangu neno, nimelitia zipu, na nimemkabidhi mbele ya mashahidi. Nikamweleza kwamba mkasi ndio uliochagua. Akasema mkasi huo unamfahamu vizuri. Kilichoniokoa ni kwamba doti ni khanga mbili zenye jina moja, kwa hiyo mahasidi walikuwa wawili. Wa pili alibaki chini ya beseni, na nikamchukua mimi, nikamning'iniza kiunoni mchana kutwa. Kufika alasiri wifi akaanza kucheka, akaja tukapiga picha, mahasidi wawili kwa pamoja.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga akatukuta katika mazungumzo hayo. Alikipokea kipochi chake, akakifungua na kukifunga, akakisifu sana. Mjukuu alipomwomba hela ya mihogo, akafundua pindo la khanga aliyojifunga, akatoa nyati mmoja, akalifunga fundo tena kwa vidole viwili huku akiendelea kuzungumza. Kipochi alikitia ndani ya mkoba kikiwa kitupu. “Hiki kizuri, mwanangu,” akasema, “nitawekea sindano.”

Kwa hesabu, sidhani kama vipochi hivi vina faida. Zipu, bitana, gamu, uzi na sindano zilizovunjika vikijumlishwa, kipochi kikijazwa sarafu mpaka pomoni hakijarudisha gharama yake, na wanangu wananikumbusha kwamba watu siku hizi wanalipana kwa simu. Hata hivyo wateja wanakuja. Wifi anatembea na HASIDI wake kila siku, anasema konda akilisoma neno lile hathubutu kumwambia hana chenji. Basi anayetaka cha kwake alete kitambaa cha maua, zipu ambayo kichwa chake kimeshavishwa, na aniambie mwezi mmoja kabla. Khanga yenye jina nitaikata tu mwenyewe akiwapo, amesimama kando ya mkasi, amekwisha kusoma.