Naomba Mwongozo: Nijiunge Kwanza Ndipo Nijitoe?

Kwa Mwenyekiti,
Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi,
Dodoma.

Septemba 2025

YAH: OMBI LA NAFASI YA KARANI MWONGOZAJI WAPIGA KURA, PAMOJA NA SWALI DOGO

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mtanzania mwenye akili timamu, umri wa kutosha na cheti cha kidato cha nne, mkazi wa kata ambayo sitaitaja kwa sababu mtendaji wake ndiye anayenigongea mihuri. Nakuandikia wewe moja kwa moja, tena hadharani, si kwa utovu wa nidhamu. Swali langu limeshazunguka ofisi za huku chini, na kila mlango linajibiwa hivyo hivyo: hilo ni la wakubwa.

Kwanza nikupongeze kwa uwazi. Tangazo la nafasi za kazi vituoni lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata kama taratibu zinavyotaka. Ubao wenyewe uko ndani ya ofisi. Ofisi hufunguliwa mtendaji akiwepo, na mtendaji majira haya ana vikao vingi. Siku nilipobahatika kuingia niliwakuta vijana wenzangu wameshajaza fomu, wameshaambatisha vivuli vya vyeti, wanasubiri tu kuitwa kwenye usaili. Tangazo lilikuwa bado halijakauka gundi. Nikajua basi kwamba nchi ina vijana wenye kipaji cha kunusa ajira kabla haijatangazwa, na kwamba kipaji hicho hukaa kwenye koo chache. Mama mmoja anayeuza chai pale nje alinitazama kwa huruma akaniambia, "Mwanangu, hizo zina wenyewe."

Sikukata tamaa. Posho ya semina, posho ya siku ya kura na jina kwenye orodha ya malipo ni mambo ambayo mtu aliyemaliza shule akabaki kijiweni hawezi kuyapuuza. Halafu nafasi ni nyingi mno. Wewe mwenyewe ulilitangazia taifa mwezi Julai kwamba kutakuwa na vituo 99,911 vya kupigia kura kwa wapiga kura 37,655,559. Ukiweka watu watatu tu kila kituo, unahitaji karibu laki tatu. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Jeshi hili la makarani na wasimamizi lingeujaza mara tano. Na wote hao, Mheshimiwa, katika nchi ambayo hata kamati ya harusi huwa na mjumbe wa itikadi, watakuwa watu wasio na chama.

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa.

Nimeelezwa na waliowahi kuifanya kazi hii jinsi utakaso unavyokwenda. Mnakusanywa ukumbini, aghalabu ni bwalo la shule. Anakuja hakimu. Mnainua mikono, mnakula kiapo cha kutunza siri kwa pamoja, sauti za nyuma zikichelewa neno moja. Kisha mnapewa fomu ya tamko: aliye mwanachama wa chama cha siasa anatamka kwamba amejitoa, asiye mwanachama anatamka kwamba si mwanachama. Mnasaini, mnakusanya kalamu, mnakwenda kunywa soda. Mtu aliyeingia bwaloni saa tatu akiwa katibu mwenezi wa tawi anatoka saa nne akiwa kama maji ya kisima.

Wala siikejeli sheria, maana iko juu kuliko mimi. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 74(14), inapiga marufuku watu wanaohusika na uchaguzi kujiunga na chama chochote cha siasa, ila inawaachia haki yao ya kupiga kura. Ni ibara nzuri. Ninachostaajabia ni kasi yake. Kuacha sigara huchukua miaka. Kuacha mke huhitaji vikao vya pande mbili na baraza la usuluhishi. Kukiacha chama alichokulia mtu, kilichomlipia ada, kilichomvika fulana na kofia tangu akiwa chipukizi, kunahitaji kalamu ya bluu na dakika tano.

Sasa swali. Mimi sina chama. Sijawahi kuwa na kadi. Niliposema hivyo kwa kujidai kwenye foleni ya usaili, nikidhani nimebeba sifa inayotafutwa, watu walinisogelea wakanitazama kama mgonjwa. Afisa mmoja, mstaarabu kabisa, aliniuliza taratibu: "Sasa wewe nani anakufahamu?" Ndugu zangu wale waliokuwa na chama cha kujitoa walikuwa na wa kuwatambulisha, wa kuwapigia simu, wa kusema huyu kijana wetu. Mimi niliyekuja nimeshajitoa tangu kuzaliwa, hakuna aliyejua pa kuniweka.

Kwa hiyo naomba mwongozo wa maandishi: je, nijiunge na chama wiki hii, nifahamike, nipitishwe, ndipo nijitoe wiki ijayo mbele ya hakimu? Kama ndivyo, nishauriwe na chama kipi. Nafahamu Tume haina upande, lakini huku kwetu kila ninayemuuliza ananipa jibu moja bila hata kufikiri.

Naambiwa niache kusumbuka na vyeo vidogo, nitazame waliotutangulia. Nimetazama. Kwa miaka mingi sheria ilimfanya mkurugenzi wa halmashauri kuwa msimamizi wa uchaguzi kwa wadhifa wake, na mkurugenzi huteuliwa na Rais, na Rais aliye madarakani mara nyingi huwa mgombea. Mwanaharakati Bob Chacha Wangwe alilipeleka jambo hilo Mahakama Kuu, na Mei 2019 mahakama ikamkubalia kwamba kifungu kile kinakwenda kinyume na Katiba. Tulifurahi kwa miezi mitano. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, wakurugenzi wakarudi kwenye viti vyao, na mwaka 2020 wakatusimamia. Hayati Rais Magufuli alikuwa amewahi kulieleza jambo hili kwa lugha nyepesi kuliko majaji wote: kwamba haingii akilini amteue mkurugenzi, amlipe mshahara, ampe na gari, halafu mkurugenzi huyo amtangaze mpinzani kuwa mshindi. Nadhani hakuna aliyewahi kuuchambua mfumo wetu wa usimamizi kwa ufasaha ule, na inasikitisha kwamba wanasheria hawamnukuu.

Tangu hapo mambo yamebadilika, nakiri. Sheria mpya za mwaka 2024 zimekuja, Tume imeongezewa neno Huru kwenye jina, na wasimamizi wa uchaguzi sasa huteuliwa na Tume yenyewe kutoka miongoni mwa watumishi wa umma waandamizi. Mkurugenzi naye ni mtumishi wa umma mwandamizi. Hakufukuzwa basi, kilichobadilika ni kwamba sasa anapewa kadi ya mwaliko, wakati zamani aliingia tu kama mwenye nyumba.

Na pale ambapo Tume haikuhusika kabisa, wenzako walituonyesha namna kazi inavyoweza kurahisishwa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, uliosimamiwa na TAMISEMI, ambayo ni ofisi iliyo chini ya Rais, ulikuwa na wasimamizi wasaidizi waliosifika kwa macho makali. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kukosea kujaza fomu, na malalamiko ya ofisi zilizofungwa siku za kurudisha fomu yalisikika nchi nzima. Chama tawala kikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mimi kama mwombaji nilijifunza jambo pale: katika kazi hizi cha muhimu si kujua kuhesabu kura. Cha muhimu ni kujua lini ufunguo wa ofisi unapotea. Mwaka 2024, Novemba 27, TAMISEMI hao hao walisimamia tena.

Karatasi, Mheshimiwa, zina nguvu ya ajabu katika nchi yetu. Aprili 12 mwaka huu vyama viliitwa Dodoma kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. CHADEMA hawakusaini, na tukaambiwa na Tume kwamba basi hawatashiriki uchaguzi huu wala chaguzi ndogo zitakazofuata kwa miaka mitano. Saini moja isiyowekwa imeufuta mwaka wa uchaguzi wa chama kizima. Saini nyingine, ya katibu mwenezi wangu kule bwaloni, imefuta maisha yake yote ya siasa na kumpa funguo za sanduku. Ningekuwa mtengenezaji wa kalamu ningeomba zabuni kwenu.

Kuna watakaosema nalikuza jambo dogo, kwani karani ni nani? Karani ni yule kijana anayetafuta jina lako kwenye daftari wakati foleni imeshafika kwenye mti wa mwembe. Msimamizi wa kituo ni yule anayeamua kama wakala ana barua sahihi au asubiri nje, kama alama iliyovuka mstari ni kura au imeharibika, kama fomu ya matokeo ibandikwe ukutani sasa au baada ya kupata chakula. Usiku, taa ya chemli au tochi ya simu, watu wamechoka, mawakala wanasinzia. Ndipo anapoandika tarakimu. Na tarakimu hizo zikipanda hadi kwako ukazisoma, zimekwisha. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwa mtu aliyetangazwa na Tume kuwa Rais. Majirani zetu wa Kenya waliwahi kufungua fomu za vituoni mbele ya majaji, na Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu yao ikaufuta uchaguzi wa Rais. Sisi hatuna usumbufu huo. Kwetu, kwa kura ya Rais, kijana mwenye tochi ndiye mahakama ya mwanzo na ya rufani. Inafaa basi tujue ametokea wapi.

Ndiyo maana, pamoja na ombi langu, naleta mapendekezo yasiyo na gharama. Kanisani kwetu, watu wawili wakitaka kuoana, majina yao husomwa Jumapili tatu mfululizo, na mwenye kujua kizuizi hukisema. Kama harusi ya watu wawili inastahili hivyo, naomba majina ya wasimamizi na makarani wa kila kata yabandikwe ukuta wa nje, unaonyeshewa mvua na kupigwa jua, wiki tatu kabla ya semina: jina, mtaa, kazi anayofanya, na chama alichojitoa kama kipo, pamoja na tarehe. Jirani zake wanamjua kuliko hakimu. Mchungaji, imamu, fundi baiskeli na mama wa chai waseme.

La pili ni kadi. Anayejitoa uanachama kule bwaloni, kadi yake inakwenda wapi? Nimewauliza wengi waliotakaswa mwaka 2020 na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Napendekeza sanduku la plastiki, lenye kuonyesha ndani, lenye lakiri, liwekwe mbele ya hakimu. Kila anayejitoa atumbukize kadi. Jioni sanduku lifunguliwe mbele ya mawakala wa vyama vyote, kadi zipangwe kwa rangi, zihesabiwe kwa sauti, matokeo yabandikwe. Itakuwa mazoezi mazuri ya kazi yenyewe, na huenda ukawa uchaguzi wa kwanza mwaka huu ambao matokeo yake wote tutayaamini.

Sasa viambatisho. Cheti cha kidato cha nne nimeweka. Picha mbili za pasipoti nimeweka. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa imenipa shida kidogo. Huandikwa na mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti wa mtaa alichaguliwa kupitia chama, kwani katika nchi hii hakuna mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha ilisema mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba zuio hilo linakiuka haki, na zuio lingalipo. Hivyo huwezi kugombea bila chama na huwezi kuhesabu ukiwa nacho, na barua ya kuthibitisha kwamba huna chama unaipata kwa kiongozi wa chama. Mwenyekiti wetu ni mtu mwema. Aliandika kwamba ananifahamu kama kijana mwadilifu, mtulivu na asiye na makundi, akagonga muhuri, kisha akaniuliza kwa nini hanioni vikaoni.

Imebaki sehemu ya wadhamini wawili. Wa kwanza nimemwandika huyo mwenyekiti. Wa pili ni mwalimu wangu wa darasa la saba, mzee aliyewahi kusimamia kituo cha kura, na amekubali kunidhamini kwa moyo mmoja. Ameomba tu jina lake lisisomwe kwa sauti mpaka mkataba wa mwanawe pale halmashauri utakapokuwa umesainiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji asiye na cha kujitoa