Puno Haiendewi kwa Pupa

Kabla hujafunga begi, andika namba hii juu ya tiketi yako: 3,800 na ushee. Hizo ndizo mita za mwinuko wa Puno, mji wa Peru ulioko ukingoni mwa Ziwa Titicaca. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anaijua Horombo, kambi ya mita 3,720, ambako hufika siku ya pili baada ya kulala Mandara, huku waongoza wageni wakimkumbusha "pole pole" tangu getini. Puno iko juu ya Horombo. Tena Horombo watu huenda kwa miguu, mwili ukapata muda wa kujipanga, lakini Puno unaweza kwenda kwa ndege: unakunywa chai Lima, ufukweni mwa Pasifiki, na kabla saa mbili hazijaisha umeshushwa Juliaca, uwanja ulio juu vilevile, mdomoni bado una karanga ulizogawiwa angani. Mwongozo huu ni wako wewe unayeshuka pale na kuanza kuburuta begi kwa mwendo wa Kariakoo.

Sharti la kwanza: siku ya kwanza usifanye kitu. Usipange ziara, usipande kilima kupiga picha, usimwonyeshe mwenzako kwamba wewe ulicheza mpira shuleni. Hewa ya Puno ina oksijeni asilimia ileile 21 ya Tanga na Mombasa, ila mgandamizo wake umepungua, kwa hiyo kila pumzi inakuletea chini kidogo ya theluthi mbili ya ulichozoea pwani. Mwili hujibu kwa kuhema na moyo kwenda mbio hata ukiwa umekaa kitako. Wenyeji wanauita ugonjwa huo soroche: kichwa kinagonga, chakula hakipiti, usingizi unakatikakatika. Ujana haukukingi. Kijana wa mazoezi anaweza kuanguka upesi kuliko mzee, kwa sababu ndiye anayekimbilia ngazi.

Njia ya busara ni kupanda kwa hatua. Lala kwanza Arequipa, mita 2,300 hivi, kisha Cusco, mita 3,400, ndipo uchukue basi la kwenda Puno. Barabara hiyo hupita La Raya, zaidi ya mita 4,300. Basi husimama hapo ili abiria wapige picha. Shuka taratibu, piga picha, rudi kwenye kiti. Ipo dawa ya asetazolamidi ambayo huwasaidia wengi, nayo muulize daktari wako kabla hujaondoka nyumbani. Ila mtu akianza kuchanganyikiwa, kuyumba akitembea, au kukosa pumzi akiwa amelala, msimletee chai wala ushauri. Huyo anatakiwa kupelekwa hospitali na kuteremshwa chini, usiku huohuo.

Kwa maumivu madogo utaletewa kikombe cha maji moto yenye majani ya koka, au muña, jamii ya mnanaa unaoota milimani huko. Kunywa bila hofu. Majani ya koka ni halali Peru, na watu wa Andes wameyatafuna tangu zamani sana, kazini na kwenye matambiko. Utakachogundua ni kwamba chai haikuunguzi sana: kwa mwinuko ule maji huchemka yakiwa na nyuzi 87 hivi, ndiyo maana maharage ya Puno hukaa jikoni mchana kutwa na sufuria ya presha inaheshimiwa. Majani yatakayobaki yaache hapohapo mezani. Usiyatie begini kuwa zawadi ya shangazi, kwani katika nchi nyingi ni dawa za kulevya mbele ya sheria, na hata kikombe ulichokunywa kinaweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo siku chache baadaye.

Siku ya pili unaruhusiwa kutembea. Anzia uwanja wa Plaza de Armas, penye kanisa kuu la karne ya 18 ambalo mawe ya mlango wake yamechongwa kwa mikono iliyojua Injili na ziwa kwa pamoja, kisha fuata Jirón Lima, mtaa usioingiwa na magari. Vaa nguo za majira mawili. Juani utaungua, maana kwa mwinuko ule mionzi ni mikali hata hewa ikiwa baridi. Ukivuka upande wa kivuli utatafuta sweta. Mwezi Juni na Julai joto la usiku hushuka chini ya sifuri. Miguu ikigoma, zipo bajaji, wao wanaziita mototaxi, na madereva wake wanapenya kama wa kwetu. Ukiamua kupanda ngazi za kwenda mahali pa kutazamia mji, ujue atakayekupita ni mama wa makamo mwenye kofia ya duara na gunia la viazi mgongoni, amelifunga kwa kitambaa cha rangi saba. Mpishe, mwamkie. Akiwa Mwaymara, mmoja wa wenyeji wa asili wa ziwa hili, "kamisaki" inatosha, naye atakujibu "waliki". Usimwelekezee kamera kabla ya salamu. Anakwenda sokoni kama mama yako anavyokwenda, na hakuamka alfajiri ili apambe simu ya mgeni.

Kwa msomaji wa Kigoma nina kituo maalumu. Katika Ghuba ya Puno utaikuta meli ya chuma iitwayo Yavari. Iliundwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1860, ikafunguliwa pamoja na meli pacha yake kuwa jumla ya vipande 2,766, ikazungushwa kwa bahari hadi Arica, ikapanda treni mpaka Tacna, na kutoka hapo ikabebwa na nyumbu kuvuka Andes. Mnyama mmoja hawezi kubeba zaidi ya mzigo wa mgongo wake, kwa hiyo hakuna kipande kilichoruhusiwa kuzidi mzigo huo. Ikaingizwa majini siku ya Krismasi mwaka 1870, na kwa kuwa huko juu kuni hazipatikani, injini yake ililishwa mavi makavu ya llama. Anayeijua Liemba, iliyokuja kutoka Ujerumani ndani ya masanduku na kuunganishwa Kigoma hadi ikaelea mwaka 1915, hatahitaji kuelezwa kwa nini mji unaitunza meli kama ile. Aulize mwenyewe habari za nyumbu.

Sasa visiwa vya Uros. Hapa ndipo wageni wengi hukosa adabu, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Boti inatoka bandarini, inapita kwenye mfereji kati ya matete, na baada ya nusu saa hivi umesimama juu ya kisiwa kinachobonyea chini ya kiatu. Mgeni mwenye haraka anakaa muda mfupi, ananunua kipambo, anarudi botini akisema kuwa yale ni maigizo ya watalii. Angeinama kidogo angeona kazi. Mvua zikijaa, mizizi ya matete ya totora huinuka kutoka chini ikiwa matofali makubwa yenye hewa ndani. Watu huyakata kwa msumeno mrefu, huyasogeza yakabanana, hupigilia miti katikati ya kila moja na kuyafunga kwa kamba mpaka mizizi yenyewe ishikane. Juu yake hutandikwa matete makavu, tabaka la kulala hivi na tabaka la kulala vile. Kisha kisiwa kizima hutiwa nanga ili upepo usikihamishe usiku. Matete ya chini huoza, kwa hiyo ya juu hutandikwa mapya kila baada ya wiki chache, mwaka mzima, kizazi baada ya kizazi. Jiko huwekwa juu ya mawe, kwa kuwa cheche moja inatosha. Na totora hiyohiyo, sehemu yake nyeupe ya chini, humenywa na kuliwa. Omba uonje.

Ni kweli kwamba wengi wa Uros leo wana nyumba Puno pia, watoto wao wanasoma, na utaona paneli za sola pembeni mwa vibanda. Ulitaka wakae gizani ili picha yako ipendeze? Mafundi wa ziwa hili si watu wa maonyesho. Msafiri wa baharini Thor Heyerdahl alipotaka kuvuka Atlantiki kwa chombo cha mafunjo mwaka 1969, aliwaita mafundi wa Ziwa Chad, akatumia mafunjo ya Ziwa Tana, na chombo kikaanza kusambaratika kabla ya kufika. Mwaka uliofuata aliwaita Waaymara wa Titicaca, upande wa Bolivia. Walichokisuka, Ra II, kilifika Barbados.

Taquile ni mbali zaidi na ni kisiwa cha mwamba, watu wake husema Kiquechua. Kutoka gatini hadi kijijini ni ngazi za mawe zaidi ya mia tano. Zihesabu ukipenda, itakupa sababu ya kusimama. Juu utawakuta wanaume wakitembea huku wanafuma kofia, sindano nyembamba, nyuzi zimepita shingoni, macho yapo barabarani. Kofia nyekundu tupu ni ya mwenye mke. Yenye ncha nyeupe ni ya kapera. Wanawake nao wanasuka mikanda mipana yenye alama za kilimo na miezi ya mwaka. Sanaa hiyo ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Bei imepangwa na ushirika wa kisiwa, kwa hiyo zile mbinu zako za Mwenge za kushusha bei nusu kwa nusu ziache botini. Kofia imekula siku nyingi za mtu.

Ukiweza, lala Amantaní, kisiwa jirani, ambako familia hupokea wageni kwa zamu. Mpe mwenyeji malipo mkononi mwake, na ubebe mchele, sukari na matunda kutoka mjini. Utakula supu ya kinoa na chuño, viazi vilivyoanikwa usiku kwenye baridi kali, vikakanyagwa kwa miguu kutoa maji, vikakaushwa juani hadi vikawa vyepesi na vyeusi. Ni makopa ya kule, na kama makopa, hukaa ghalani mwaka hadi mwaka vikingoja njaa.

Mjini watakuletea samaki, na kwa kawaida atakuwa trauti. Ni mtamu, sikatai. Lakini trauti aliletwa Titicaca kutoka Amerika Kaskazini karibu na mwaka 1940, kisha pejerrey akaja kutoka Argentina katika miaka ya 1950. Tangu hapo samaki wa asili wamepungua, na mmoja wao, Orestias cuvieri, hayupo tena duniani. Watu wa Mwanza na Kisumu wanaijua hadithi hii kwa majina mengine: sangara na furu. Ukimwona karachi mdogo wa asili kwenye ndoo ya mama sokoni, muulize habari zake. Na kabla hujasifia bluu ya ziwa, tazama ghuba karibu na mji, ule utando wa kijani juu ya maji unaoneemeka kwa maji taka. Maji machafu ya Juliaca nayo huteremka hadi Mto Coata. Mwaka 2016 vyura wakubwa wa Titicaca walikufa huko kwa maelfu, viumbe ambao ngozi yao imejaa mikunjo kwa sababu wanapumua kwayo chini ya maji. Watu wa Coata wamelalamika miaka mingi kuhusu maji wanayokunywa. Jambo hilo linaniuma kuliko kichwa chochote cha soroche, na mgeni anayelala kwenye hoteli inayomwaga uchafu ziwani ana haki, tena ana wajibu, wa kuuliza kaunta ya mapokezi maji yake yanakwenda wapi.

Ukienda mwezi Februari utakuta sherehe za Bikira wa Candelaria, ambazo kilele chake huanzia tarehe 2 na ambazo UNESCO iliziweka kwenye orodha yake mwaka 2014. Weka chumba mapema sana, na usahau kulala. Maelfu wanacheza, tarumbeta na ngoma usiku kucha, kwa hewa ileile inayokushinda wewe ngazini. Itapita kundi la morenada, vinyago vyeusi, macho yametokeza, ulimi nje, mikono inazungusha kayamba za kukereza. Mwafrika hushtuka, na ana haki. Usiondoke kabla hujauliza. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba ngoma hiyo inawakumbuka Waafrika waliofanywa watumwa na kupelekwa nyanda hizi enzi za migodi ya fedha ya Potosí, na ule ulimi ni wa mtu aliyeishiwa pumzi kwa kazi na mwinuko. Wewe ulipanda kwa tiketi. Simama utazame hadi kundi lipite lote.

Wakati wa kuondoka Puno, wengi huchukua basi la asubuhi kwenda Copacabana, Bolivia, kupitia mpaka wa Kasani. Bolivia iko mbele ya Peru kwa saa moja, kwa hiyo hesabu vizuri kama una basi jingine la kuunganisha. Ukiendelea La Paz utafika mlangobahari wa Tiquina. Hapo abiria wote hushuka na kuvuka kwa boti ndogo, na basi huvuka peke yake juu ya pantoni ya mbao, likiyumba na mizigo yenu. Nauli ya boti hulipwa kando, basi uwe na chenji ya boliviano mfukoni, na pasipoti usiiache begini.