Bahari Ndani ya Mlango

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imekatika saa mbili asubuhi. Kilele cha Bondwa kimejitokeza na minara yake, kikautazama mji wa Morogoro, kikarudi winguni. Nimeamua kuosha gari.

Gari hili nimelinunua kwa shemeji mwezi wa pili. Ni jeupe. Jambo hilo nimelikumbuka leo niliposoma kadi yake, kwa sababu tangu masika yaanze limekuwa na rangi ya barabara ya kwenda Kinole, yaani rangi ya chungu. Mke wangu ameshauri tuliache hivyo hivyo. "Baba watoto, huo udongo ndio unaolishikilia." Yeye ni Mluguru, na kwao ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo neno lake kuhusu udongo nilipaswa kulipa uzito. Mimi ni wa kuja. Nikachukua ndoo, sabuni ya unga na stilwaya ya kusugulia masufuria.

Kufika saa nne udongo wote ulikuwa umetoka, isipokuwa doa moja jekundu chini ya mlango wa dereva. Nimelisugua nusu saa. Likawa doa kubwa. Kisha likawa tundu.

Jumapili, 4 Mei

Tulipokuwa tukirudi kanisani, kila nikikata kona nilisikia mawimbi. Nilidhani ni redio. Redio haifanyi kazi.

Nyumbani nimeinama na spoku ya baiskeli. Milango ya gari ina vitundu kwa chini, kwa kuwa maji ya mvua huteremka siku zote kando ya kioo na lazima yapate pa kutokea. Vitundu vikizibwa na majani na mchanga, mlango unageuka tangi. Nilipochokoa kitundu cha kwanza yalitoka maji ya kahawia kiasi cha ndoo ndogo, yakifuatwa na mchanga mweupe, kisha simbi moja. Mjukuu ameiokota akailamba kabla sijamkataza.

"Babu, ina chumvi."

Gari lilikaa Kigamboni miaka sita, likiegeshwa mahali ambapo shemeji alipasifia kwa upepo wake. Watu wameuita mji huu Mji Kasoro Bahari tangu zamani, na wakazi wake tumezoea kuusikia utani huo kutoka kwa watu wa Dar es Salaam. Tangu mwezi wa pili kasoro hiyo imepungua kidogo. Iko kwetu Bigwa, kwenye mlango wa nyuma kushoto.

Kinachoniuma si maji. Nimefundisha kemia ya sekondari miaka 26. Kila mwaka nilipanga mirija mitatu dirishani: msumari mmoja kwenye hewa iliyokaushwa, wa pili kwenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta, wa tatu kwenye maji ya bomba. Baada ya wiki ni wa tatu tu ulioshika kutu, maana kutu inataka maji na hewa kwa pamoja, na ukiongeza chumvi inaharakisha. Jibu hilo nililipa alama nne. Ila somo tulilifundisha kwa Kiingereza, na gari langu limeoza kwa Kiswahili.

Jumatatu, 5 Mei

Nimelipeleka kwa vijana wa kuosha magari mjini, wenye mashine ya presha. Zamani walikuwa ukingoni kabisa mwa Mto Morogoro, wanachota na kumwaga hapo hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za namna hiyo zikae mita 60 kutoka mtoni. Sasa wako mbali na mto, wana pipa, na kibao kilichoandikwa kwa mkono kwamba hawahusiki na simu itakayosahauliwa ndani.

Kijana ameelekeza mpira chini ya mlango. Mimi nilikuwa nimekaa ndani nikijibu ujumbe. Maji yakanifikia magotini. Akazima mashine, akaja dirishani kwa adabu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Hapa pamekwenda."

Akabonyeza kwa kidole gumba ili nione. Kidole kikapita chote. Ikabidi mwenzake amsaidie kukitoa.

Nimelipa 7,000 za kuosha nje. Ndani kumeoshwa bure.

Jumatano, 7 Mei

Nimeng'oa kapeti ili sakafu ikauke. Chini ya kiti cha nyuma nimekuta nanasi la Kinole ambalo mke wangu alinituhumu kulila peke yangu mwezi wa tatu. Nimemwita aje ashuhudie. Amesema hilo ni jingine.

Sakafu yote ilikuwa na kutu, isipokuwa pale nanasi lilipovujia. Pale chuma kiling'aa kama sahani ya arusi. Ni tindikali ya matunda: hula kutu kwanza, ndiyo sababu bibi zetu walisugulia ndimu na ukwaju vyombo vya shaba. Nilifurahi kupita kiasi kwa mtu mwenye maarifa yangu. Nimenunua mananasi manne yaliyoiva sana, nikayaponda, nikayapaka sakafu nzima, nikalala nikiwa na matumaini.

Alhamisi, 8 Mei

Siafu.

Ijumaa, 9 Mei

Siafu wameondoka alfajiri kwa hiari yao. Sakafu ilikuwa safi hadi saa tatu, nikaisuuza kwa maji, nikaenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa imeshika kutu upya, nyembamba, ya rangi ya chungwa, kila mahali kwa usawa. Chuma kilichovuliwa kila kitu kikaachwa na unyevu hakihitaji hata kikombe cha pili. Ningeikausha hapo hapo na kuipaka praima. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Jirani, dereva mstaafu wa malori, amenihurumia. Ameniambia dawa ni oili chafu: unanyanyua gari kwa jeki, unapuliza chini kwa kompresa, maji hayagusi chuma tena. Nilikumbuka mafuta ya ule msumari wa pili, kwa hiyo nilikubali haraka. Hakuniambia kwamba oili iliyokwisha kutumika imebeba tindikali yake na masizi ya injini, kwamba hulainisha bushi za mpira, wala kwamba hudondoka usiku kucha.

Kuku wa mke wangu, ambao hupenda kuoga vumbi chini ya gari, walikuwa wanane weupe. Sasa ni weusi, na mmoja ametembea sebuleni. Mke wangu amewaosha kwa sabuni yangu ya unga. Hakusema neno. Udongo ulioloa nimeuzoa na koleo nikautia kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndoo ipo. Sijui niipeleke wapi.

Jioni nimekwenda stendi ya Msamvu. Oili iliyogusa ekzosi ikaanza kufuka. Mpiga debe mmoja akapiga kelele kwamba gari linaungua, bodaboda sita wakalizunguka, na msamaria mmoja akanimwagia ndoo ya maji kupitia dirishani. Kapeti nilikuwa nimelirudisha mchana, baada ya kukauka siku mbili.

Jumamosi, 10 Mei

Fundi bodi amelizunguka gari mara mbili bila kuligusa, kama mtu aliyeitwa kutoa kauli ya mwisho ya ukoo. Kisha akaanza kugonga kwa kucha. Palipolia *ti* alipita. Palipolia *pu* aliweka alama ya chaki. Alimaliza chaki.

Kwenye madigadi kulikuwa na malengelenge niliyodhani ni ya jua. Ni kutu: hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huinua rangi kutoka chini. Amelipasua moja kwa bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na puti, chini ya puti kulikuwa na puti ya zamani zaidi, na chini yake gazeti lililokunjwa vizuri na kushindiliwa kwenye tundu. Ukurasa wa michezo. Simba na Yanga. Matokeo yameliwa na kutu.

"Hii kazi ya mtu anayejua," amesema fundi, kwa heshima.

Nimempigia shemeji. Amesema gari alilinunua likiwa hivyo. Nimemuuliza kama alikuwa anajua. Amesema salio linamwishia.

Wakati fundi anakata bodi nimemsimulia kwamba huko Dakawa, kaskazini mwa mji, wanaakiolojia walichimbua mabaki ya kazi ya chuma ya watu walioishi huko enzi za mwanzo za chuma, na vigae vya vyungu vyao. Ameuliza kama bado kuna bati huko.

Jumatatu, 12 Mei

Fundi ameniagiza bati jeusi geji 20. Dukani nimekuta geji 30 kwa bei nzuri zaidi, na nikawaza kwamba namba kubwa ni unene mkubwa. Ni kinyume. Isitoshe, ni la kuezekea, lenye mawimbi.

Fundi amelishika kwa vidole viwili, akalipepea, likatoa sauti ya radi. "Mwalimu, hili ni la banda la kuku."

Limekwenda kwenye banda la kuku. Mke wangu ameniongelesha kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumanne, 13 Mei

Geji 20 nyeusi hakuna, nimepata yenye zinki. Kwa kutu ndiyo bora, maana zinki hujitoa kuliwa kabla ya chuma. Kwa mchomeleaji ni balaa: ikiungua hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta huamka usiku akitetemeka kama mwenye malaria. Nimemshauri aikwangue kwanza kwa msasa pale atakapochomelea, na asimame upande upepo unakotoka. Amenisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mafundi hunywa maziwa, na kwamba maziwa ni juu ya mwenye gari. Pakiti mbili.

Saa nane nimemkuta amelala chini ya mwembe na pakiti moja. Nyingine alikuwa nayo msaidizi wake, ambaye siku nzima kazi yake ilikuwa kushika waya.

Ijumaa, 16 Mei

Rangi. Nyeupe zipo nyingi kuliko nilivyodhani. Yangu ina lulu kidogo ndani, na kopo tulilopata halina. Mlango wa dereva sasa ni mweupe wa zahanati, gari lililobaki ni jeupe la maziwa mgando. Fundi amesema likipata vumbi hayo yote yataisha.

Ameniita nione chini. Kila kiungo amekijaza, kila upenyo ameupaka puti, praima, kisha lami ile ya chini ya magari. Amepiga ngumi, pakalia *ti*. Nimemlipa chote tulichopatana na nauli.

Jumapili, 18 Mei

Kinole, kwa mjomba wa mke wangu. Tumeondoka na gari la rangi mbili, tumefika na la rangi moja. Kweli hakuna aliyetambua.

Mvua za upande huu wa mashariki ya Uluguru si za kupimwa kwa zile za mjini. Zinapiga bati la nyumba hadi mazungumzo yanasimama. Mjomba ameuliza gari lilikuwa na ugonjwa gani. Nimemweleza kutu, na nikaongeza, kwa kuwa nilikuwa nimepata wanafunzi, kwamba hata wekundu wa udongo wa shamba lake ni chuma kilichoungana na oksijeni, ndugu wa karibu wa kutu yenyewe. Wazee watatu walinisikiliza kwa makini. Mjomba akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na majembe matatu na panga.

"Kumbe tuna mtaalamu."

Nimesugua hadi saa kumi.

Wakati wa kurudi kioo cha upande wa abiria kimeshuka chenyewe ndani ya mlango na hakikupanda tena, kwa kuwa kishikio chake kilikuwa sehemu pekee ambayo fundi hakuigonga. Mke wangu amesafiri hadi Bigwa na jani la mgomba kichwani. Miguuni alikuwa na mkungu wa ndizi na mfuko wa mdalasini, kwa hiyo gari linanukia vizuri.

Jumatano, 21 Mei

Shemeji amekuja kuomba radhi. Ningemtarajia na SGR, lakini ameteremka Msamvu kwa basi, akisema treni isingemkubalia na mzigo wake. Mzigo ni ndoo kubwa kutoka soko la samaki la Feri: samaki, pweza, barafu na chumvi nyingi ya mawe ili barafu ikae baridi zaidi.

"Shemeji, nimesikia mnalia bahari huku," amesema, akacheka peke yake.

Tumeiweka kwenye buti. Nimeendesha polepole, na matuta yote nimeyapanda kwa upande mmoja kama nilivyofundishwa. La mwisho, karibu na nyumbani, halikuwepo wiki iliyopita.

Nilipofungua buti ndoo ilikuwa imelala. Pweza alikuwa kwenye spea tairi. Maji ya chumvi yalifika nusu ya tairi, yametulia, yana kina, na juu yake kulikuwa na vipande vya barafu vinavyoelea. Nimechukua spoku ya baiskeli nikatafuta vitundu vya kutolea maji.

Fundi ameviziba vyote. Shemeji ameinama chini ya gari na tochi ya simu, akakaa huko muda mrefu, kisha akatoka akijifuta magoti.

"Kazi nzuri sana hii," amesema. "Halivuji hata tone."