Moshi wa Kitonga

Nimevuliwa cheo cha mtu wa muziki katika ukoo wetu. Tangazo lilitolewa Jumamosi iliyopita, kando ya barabara, katikati ya mlima Kitonga, na Shangazi mwenyewe, akiwa amevaa kiatu kimoja. Cha pili kilibaki ndani ya gari pamoja na moshi.

Tulikuwa watu 22 ndani ya Coaster ya kukodi, tunapeleka mahari ya mdogo wangu Iringa. Wenzangu walikabidhiwa mizigo ya heshima: mshenga kabeba bahasha, baba mdogo kabeba maneno, akina mama wamebeba vitenge. Mimi nilibeba spika. Ni ile yenye mpini, tundu la flashi na taa za kuwakawaka kama duka la simu usiku. Toka Kibaha hadi Mikumi iliimba bila kukohoa, na Shangazi alicheza akiwa amekaa, jambo ambalo kwa umri wake na kwa kiti kile si dogo. Tulipofika Ruaha Mbuyuni watu wakashuka kununua vitunguu, na spika ikaanza kile kilio cha kuomba chaji. Ikalia mara tatu, ikanyamaza.

Sikutetereka. Mfukoni nilikuwa na waya nilioununua Kariakoo siku moja kabla, ncha moja ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, nyingine nyembamba ya kuingia kwenye spika. Nyuma ya spika pameandikwa 12V, kwenye waya pameandikwa 12V; mimi si mtu wa kubahatisha. Muuzaji naye alinihakikishia: "Boss, hii inaingia gari zote." Nataka nimtendee haki yule kijana. Alisema inaingia, na kweli iliingia.

Tundu lilikuwa limeshikwa na simu ya konda tangu Dar es Salaam. Nikamsubiri kwa adabu. Gari lilipoanza kuukwea mlima akachomoa simu yake, nami nikachomeka.

Kwa sekunde chache spika iliimba kama haijawahi kuimba. Taa zikatoa rangi ambazo sikujua kama inazo. Kisha pa! kama bisi moja iliyoruka peke yake sufuriani, na moshi mweupe ukapanda polepole kati ya kiti cha dereva na magoti yangu.

Moshi ndani ya gari linalopanda Kitonga una tafsiri moja tu. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, mbele yako lori limelemewa na nyuma yako lori lina haraka. Mtu akapiga kelele, "Breki!" ingawa tulikuwa tunapanda. Mshenga, mzee wa miaka 70 na ushei, alitokea dirishani, bahasha ya mahari kaibana kwa meno. Dereva akasimamisha gari, konda akaruka na jiwe la kuzuia tairi, akina mama wakamwagika nje wakiita majina ya watoto ambao hata hatukuja nao.

Sasa niungame jambo ambalo mpaka leo sijamwambia mtu: nilijua. Nilijua tangu ile pa! Lakini niliwatazama wale wazee wakipangusa vumbi, nikamtazama Shangazi na kiatu chake kimoja, ulimi ukagoma. Dereva alifunua injini, mimi nikasogea kuchungulia. Nikasema, "Labda ni maji." Wakaongeza maji kwenye rejeta. Konda akaingia uvunguni na shati jeupe. Zikapita dakika 40 tunatafuta ugonjwa wa gari lililokuwa zima kuliko mimi, mpaka Shangazi aliporudi ndani kufuata kiatu akatoka na spika mkononi.

"Wewe mtoto, mbona hiki chombo chako kina moto?"

Dereva aliutazama waya. Akanitazama mimi. Akasema kwa upole unaouma kuliko tusi, "Kaka, hili gari ni ishirini na nne."

Nikadhani anahesabu abiria. Nikamjibu tuko ishirini na wawili.

Alikuwa anahesabu volti. Gari dogo la kawaida lina betri moja ya volti 12, na injini ikiwa inaunguruma zinapanda hadi kama 14, kwa sababu jenereta yake inaijaza. Magari mengi makubwa ya dizeli yana betri mbili, chanya ya moja imefungwa kwenye hasi ya mwenzake, hivyo volti zinajumlishwa: 24, na ukiwa barabarani zinakaribia 28. Si ubishi wa waliounda. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inaibana hewa mpaka inapata moto wa kuunguza mafuta, na kuizungusha kwa mara ya kwanza ni kazi nzito. Ukiongeza volti mara mbili, unahitaji nusu tu ya mkondo kwa nguvu ile ile, na nyaya hazihitaji kuwa nene kama mkono wa mtoto. Ni akili safi kabisa, ila wakaacha tundu la sigara liwe la umbo lile lile. Nyumbani tunajua kwamba mafuta ya taa hayawekwi kwenye chupa ya maji ya kunywa, na anayeyaweka anajua amefanya dhambi. Barabarani dhambi ni ya mwenye kiu.

Ukweni tulifika kwa kuchelewa saa mbili, tukinuka plastiki iliyoungua. Msemaji wao alitupokea mlangoni kwa swali: tumekuja kuoa au kuzima moto? Wakatupiga faini ya kuchelewa, shilingi 50,000. Hakuna aliyenitaja kwa jina. Waligeuza shingo tu, wote 21.

Jumatatu nikaipeleka spika kwa fundi, na hapo ndipo nilipopoteza asubuhi nzima bila kujuta. Aliifungua akanionyesha mhalifu, au tuseme marehemu: kapasita, kikopo kidogo kama kifuniko cha kalamu. Kazi yake ni kuhifadhi umeme kidogo na kuutoa pale unapopungua, ili sauti isitetemeke. Ubavuni kimeandikwa 16V, yaani juu ya hapo hakijaahidi kitu. Mimi nilikilisha 28. Ndani kina majimaji. Yakichemka yanageuka mvuke, na kwa hiyo waliokitengeneza wamekichanja msalaba utosini, ili siku kikizidiwa kipasuke kwa juu, kwa ustaarabu, badala ya kuruka kama risasi. Niliutazama ule msalaba muda mrefu. Kuna mtu mahali fulani aliwahi kunifikiria mimi, akajua nitakuja na waya wangu, akakiandalia kikopo mlango wa kufia.

Nikauliza: mbona simu ya konda ilikaa tundu lile lile tangu Dar na haikupata hata mafua? Fundi akaniambia chaja ya konda imeandikwa 12–24V. Ndani yake kuna saketi inayoukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na upande wa pili zinatoka volti 5 tu, uingie wa gari dogo au wa lori. Waya wangu haukuwa na chochote. Kilichoingia ndicho kilichotoka.

Kisha akaifungua ile ncha ya kuchomekea. Humo, chini ya pini, panakaa fyuzi ndogo ya kioo, ambayo ikipitiwa na mkondo uliozidi inakatika yenyewe. Katika yangu palikuwa na springi na kipande cha msumari.

Kwa ule msumari sicheki. Fyuzi hiyo huenda isingeiokoa spika, lakini kazi yake ni kuuokoa waya usiwake, na waya ule ulikuwa ndani ya gari lenye watu 22. Ni kitu cha bei ya andazi. Mtu alikaa mezani, akaona nafasi ya fyuzi iko wazi, akaamua kuweka msumari, na mzigo ukasafiri baharini, ukapita bandarini, ukapita mbele ya kila aliyelipwa kuutazama, ukaja kwangu. Chaja za aina hiyo ziko majumbani zinachaji simu juu ya magodoro ya watoto. Na ikiungua moja, swali la kwanza anaulizwa mwenye nyumba: ulichomeka vipi?

Mikasa yangu mingine ni midogo. Redio ya kaseti ya marehemu baba niliiua kwa adapta ya volti 9 iliyokuwa sahihi kwa kila namba, ila ncha yake ya kati ilikuwa hasi na redio ilitaka chanya. Ule mchoro wa viduara nyuma si pambo. Mawe manne niliyoyasahau kwenye redio ya jikoni tangu Pasaka yalitoa maji yakala springi. Na kalamu niliyoichokonolea tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie bado imo humo. Tundu hilo ndilo linalofungua vizibo vya chini, na vizibo viliwekwa kwa ajili ya vidole vya watoto, si kunikera mimi.

Fundi amefunga kapasita ya 35V kwa shilingi 500, na kubadilisha kipande kingine kilichokufa nayo. Spika inaimba. Safari ya kumchukua bibi harusi ni mwezi ujao, kwa Coaster ile ile, na Shangazi ameshaikabidhi spika kwa konda.